Mwana Akitaka Kwenda Kucheza Mpira Ng'ambo

Mara iliyopita niliahidi kwamba safari hii tutazungumza juu ya watoto na mitihani. Ahadi ni deni, na nitalilipa. Lakini nyumbani kwangu mtihani umeingiliwa na mpira, na kwa barua ninazozipata kutoka kwenu najua si nyumbani kwangu peke yangu. Basi leo nivumilieni, tuzungumze mpira, ingawa mimi ni mama ambaye mpaka juzi nilikuwa sijui penati inapigwa umbali gani.

Mwanangu wa mwisho ana miaka 17. Amezaliwa hapa Ibra, yuko darasa la 12, na ni golikipa. Alianza kwenye changarawe karibu na wadi, mahali ambapo ukijirusha unarudi nyumbani na goti limechunika. Sasa anacheza timu ya vijana ya klabu moja ya mkoa wetu. Mwalimu wake anasema ana mikono mizuri. Mimi nasema ana viatu vingi na vitabu vichache.

Jumatano moja nilikuwa soko la wanawake. Wanaoishi Ibra wanalijua: siku hiyo wanaouza ni wanawake na wanaonunua ni wanawake, na simu ikilia huisikii. Nilipotoka nikakuta amenipigia mara saba. Nikajua kuna msiba. Kumbe kuna furaha.

"Mama, nimepata wakala. Kuna klabu Ulaya inataka kuniona. Wiki mbili tu za majaribio."

Nikamuuliza, "Klabu gani?"

"Ataniambia tukishalipa."

Malipo yenyewe ni rial 1,400, za viza, tiketi, na kitu alichokiita "kufungua faili". Zitumwe kabla ya Jumapili. Safari ingekuwa katikati ya mitihani.

Mume wangu ni mtu wa Sur, na watu wa Sur wamezoea safari tangu enzi za majahazi. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Pesa zinatafutika. Lakini kabla ya kutuma, twendeni Nizwa kwa mjomba wake." Nikafurahi, maana kaka yangu ndiye mtu pekee katika ukoo wetu aliyewahi kuondoka nyumbani kwa ajili ya mpira. Kijana pia alifurahi. Alidhani mjomba atakuwa upande wake.

Ijumaa tukaondoka baada ya sala ya alfajiri, tukashika njia ya Al-Mudhaibi na Sinaw. Tulipokaribia Al-Mudhaibi kijana akatoa vidude vyake masikioni.

"Mama, unajua nani ametoka hapa?"

"Ali Al-Habsi," nikamjibu. Hata mimi namjua huyo.

"Basi. Ametoka hapa, karibu na kwetu, akafika Ligi Kuu ya England. Angekuwa na mama kama wewe angefika?"

Baba yake akaongeza mwendo. Mimi nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu.

Nizwa tulikuta mnada wa mbuzi wa Ijumaa karibu unamalizika. Kaka yangu alikuwa ameshafungua kahawa na halwa. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, njoo hapa kaa karibu yangu." Akaomba simu, akasoma ujumbe wa yule wakala tangu mwanzo hadi mwisho, polepole, kama mtu anayesoma hati ya shamba. Kisha akauliza lile lile alilouliza mwanangu njiani, lakini kwa namna nyingine.

"Al-Habsi unampenda. Nieleze, kabla ya kwenda Ulaya alikuwa akifanya kazi gani?"

Kijana anajua penati zote alizookoa yule bwana. Kazi yake hakuijua.

Alikuwa zimamoto. Ali Al-Habsi, aliyezaliwa mwaka 1981, alianza mpira katika klabu ya kwao Al-Mudhaibi, na huku akicheza alikuwa akifanya kazi ya zimamoto katika uwanja wa ndege wa Muscat. Aliyemwona na kumfundisha ni John Burridge, golikipa wa zamani wa Uingereza aliyekuja Oman kuwanoa makipa wa timu ya taifa. Akapita Al-Nasr ya Salalah. Burridge alitaka afike Uingereza, lakini kibali cha kazi kule hakitolewi kwa kusifiwa tu. Huangaliwa pia timu yako ya taifa iko nafasi gani duniani. Kwa hiyo mwaka 2003, akiwa na miaka 21, akaenda Norway, klabu ya Lyn ya Oslo. Mtoto wa Sharqiyah kwenye theluji! Mwaka uliofuata alichaguliwa golikipa bora wa ligi ya Norway.

"Kisha akaenda Bolton," kijana akadakia.

"Januari 2006," mjomba akasema. "Na mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu alicheza lini?"

Kimya tena. Alicheza mwaka 2008. Miaka miwili alikaa nyuma ya kipa wa Kifini, Jussi Jääskeläinen, akifanya mazoezi kila siku na Jumamosi akivaa koti la benchi. Mlango ulifunguka hasa alipokwenda Wigan mwaka 2010, kwanza kwa mkopo. Mwisho wa msimu huo alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa klabu. Mwaka 2013 Wigan walipowafunga Manchester City na kutwaa Kombe la FA, yeye alikuwa benchi, na siku tatu baadaye timu hiyo hiyo ikashuka daraja. Mpira wa kulipwa ndivyo ulivyo. Baadaye akachezea Reading, Al-Hilal ya Saudi Arabia na West Brom, akastaafu 2020.

"Na katikati ya yote hayo," kaka yangu akasema, "alikuwa akirudi. Januari 2009, Kombe la Ghuba hapa Muscat, Oman haikufungwa hata bao moja mashindano mazima. Fainali na Saudia ikaisha bila bao, tukashinda kwa penati. Golini nani? Yule yule. Alikuwa na kazi, alikuwa na klabu, alikuwa na timu ya taifa. Kule kungemkataa, alikuwa na pa kurudi."

Hapo ndipo akatuhadithia yake. Mimi nilikuwa naijua nusu tu.

Alikuwa na miaka 19, anacheza winga kule Unguja, na kila jioni yuko uwanja wa Mao. Akaja mtu, akamwahidi timu katika nchi moja ya Ghuba: mshahara, nyumba, na kama atafanya vizuri, Ulaya. Hakuna karatasi. Baba alikuwa ameshafariki, mama hakujua kusoma mambo hayo, na kaka yangu alikuwa ameshaacha skuli kwa ajili ya mpira. Akapanda ndege. Mwezi wa tatu goti likageuka mazoezini. Mtu aliyemleta akaacha kupokea simu. Klabu ikasema huyu si wetu, hana mkataba, hatumjui. Akalala miezi kwenye chumba cha rafiki, goti limefungwa kitambaa, akiona haya kurudi Unguja mikono mitupu. Ndugu wa Oman ndio waliomchukua, na ndiyo maana leo ana duka Nizwa.

"Sikukosa kipaji," akasema. "Nilikosa pa kurudi. Mtu asiye na pa kurudi hukubali kila anachoambiwa."

Akamwonyesha mpwa wake goti. Bado limepinda.

Kijana si mjinga, na simlaumu kwa kubisha. Akasema, "Mjomba, wewe ilikuwa zamani. Na wengine walikwenda wadogo wakafika. Victor Wanyama alikwenda Sweden mdogo kuliko mimi."

Ni kweli. Wanyama wa Kenya alikwenda Helsingborg mwaka 2007 akiwa na miaka 16. Lakini tazameni alikwenda kwa nani: kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa akicheza huko huko. Na Mariga alipohamia Italia, Victor alirudi kwanza Kenya, kisha akaenda Ubelgiji, kisha Celtic ya Scotland, ndipo mwaka 2013 akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Hata huyo aliyewahi, alikuwa na mtu wa kumpokea na nyumba ya kurudia.

Mwangalieni na Mbwana Samatta wetu. African Lyon, kisha Simba, kisha mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi. Hakuruka kwenda Ulaya; alikaa Kongo karibu miaka mitano, akachukua ubingwa wa Afrika 2015, akatajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo Januari 2016, akiwa na miaka 23, akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 Aston Villa, Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya England. Genk walipomchukua, walikuwa wakimchukua bingwa wa Afrika. Hakuwalipa yeye ili wamtazame.

Usiku ule, tumesharudi Ibra, binti yangu akapiga simu. Yeye anasoma Japani, na kwao ilikuwa inakaribia alfajiri. Nilidhani atamtetea mdogo wake. Akacheka, akasema, "Mama, mwambie habari za Ohtani." Sikujua Ohtani ni nini, nikadhani chakula.

Ni mchezaji wa besiboli, mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, na kule Japani ndio mpira wao kama huu ulivyo wetu. Shohei Ohtani alipokuwa na miaka 18, mwaka 2012, alitangaza hadharani kwamba hataki ligi ya nyumbani. Akimaliza skuli anakwenda Marekani moja kwa moja. Klabu ya Nippon-Ham Fighters ya Hokkaido ikamchagua hata hivyo. Haikumtukana wala kumtisha. Ilimletea maelezo yaliyoandikwa: vijana waliokwenda ng'ambo mapema mno wamefika wapi, na waliokomaa kwanza nyumbani wamefika wapi. Ikamwahidi kumlea katika kazi mbili anazozipenda, kurusha na kupiga, ambazo kwa kawaida mtu mmoja hafanyi zote. Akabaki. Akacheza nyumbani misimu mitano, akachukua ubingwa wa Japani 2016. Alipokwenda Marekani kucheza msimu wa 2018, alikuwa na miaka 23, na klabu yake ya Japani ililipwa kwa kumwachia. Mwishoni mwa 2023 Los Angeles Dodgers wakampa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 700.

Binti yangu alinieleza kwamba huko kuna utaratibu maalumu. Mwaka 1995 Hideo Nomo, ili aweze kwenda Marekani, ilimbidi ajitangaze amestaafu nyumbani. Baada ya vurugu za namna hiyo, mwaka 1998 ligi za nchi mbili zikakubaliana: mchezaji anayetaka kuondoka kabla ya muda wake kwisha, klabu yake inamfungulia mlango na inalipwa. Ichiro Suzuki alipita mlango huo, akaanza kucheza Seattle mwaka 2001 baada ya misimu tisa nyumbani.

Nikahesabu kwa vidole. Al-Habsi 21. Samatta 23. Ohtani 23. Mwanangu ana 17, na huyo wakala anataka pesa kabla ya Jumapili.

Sasa, wazazi wenzangu, nawapa niliyoyapata katika wiki hii ya kuuliza huku na huku, kwa sababu mimi nisingeyajua laiti si huyu kijana.

La kwanza, umri. Kanuni za FIFA hazimruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda kuchezea nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mojawapo inatuhusu sana sisi tulio ng'ambo: ikiwa wazazi wenyewe wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira, kama kazi, mtoto anaweza kusajiliwa, na ombi hupelekwa likachunguzwe. Kwa hiyo mliohamia Ulaya au Marekani na watoto wenu, msiogope kuwaandikisha klabu. Tunzeni tu hati za kazi na za makazi.

La pili, wakala. Tangu Oktoba 2023 wakala wa wachezaji lazima awe na leseni ya FIFA, na majina ya wenye leseni yanaweza kutafutwa intanetini bila malipo. Mtoto mdogo hafuatwi na wakala bila idhini ya maandishi ya mzazi. Aliyemwandikia mwanangu usiku kwenye simu hakuniomba mimi kitu ila pesa. Na wakala wa kweli hula asilimia kutokana na mkataba uliopatikana. Anayekula kabla ya mkataba ana biashara nyingine.

La tatu, klabu ya nyumbani. Msione klabu ndogo ya mtaani haina maana. Mchezaji aliyesajiliwa vizuri anapouzwa akiwa na mkataba kwenda nchi nyingine, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa hiyo kadi ya usajili ni hati yenye thamani, kwa mtoto na kwa waliomfundisha. Mhakikishe jina na tarehe ya kuzaliwa vinalingana na pasipoti.

La nne, barua. Klabu inayotaka kumwona kijana huandika barua, yenye jina la mtu, simu ya ofisi, na tarehe. Usipige namba iliyo kwenye barua. Tafuta mwenyewe namba ya klabu, upige, uulize.

Jumamosi mume wangu alimwandikia yule wakala, kwa adabu kabisa: tafadhali tupe jina la klabu, namba ya leseni yako, na barua. Akajibu kwa sauti ya hasira kwamba tunaua kipaji cha mtoto. Mume wangu akaandika mara ya pili, maneno yale yale. Hakujibu. Jumapili jioni picha yake ikatoweka kwenye simu.

Mngependa niwaambie kwamba mwanangu alinishukuru. Hakunishukuru. Alikaa siku tatu hasemi na mtu, chakula anakula chumbani. Nilipita mlangoni nikasikia analia kama mtoto mdogo, na mimi nikaenda jikoni nikalia vile vile, maana nilijiuliza: je, kama ilikuwa kweli? Mzazi anayezuia hapati hata siku moja ushahidi kwamba alikuwa sahihi. Atabaki na ile labda.

Siku ya nne mjomba wake akaja kutoka Nizwa bila kupiga simu, na jozi ya glavu mpya za kipa kwenye mfuko wa plastiki. Hakuzungumza habari za wakala. Alisema tu, "Twende changarawe, nikupigie mashuti." Nikawatazama kutoka kwa mbali: mzee wa goti bovu anapiga mpira kwa mguu mmoja, na kijana anajirusha kulia na kushoto mpaka magharibi.

Waliporudi, kijana akaniuliza kama kazi ya zimamoto inahitaji cheti cha darasa la 12. Nikamwambia sijui, lakini nadhani kila kazi nzuri inakihitaji. Akachukua kitabu cha fizikia. Nusu saa baadaye alikuwa anaangalia mechi. Lakini nusu saa ni nusu saa.

Mitihani inaanza wiki mbili zijazo. Klabu yake imemwambia msimu ujao atafanya mazoezi na timu kubwa. Watu wa Sur na Al-Orouba yao walishachukua ubingwa wa ligi ya kulipwa ya Oman, msimu wa 2014–15, na msimu uliofuata wakauchukua Fanja wa Dakhiliyah. Kwa hiyo hata hapa nyumbani mlima wa kupanda upo. Akiupanda, na siku moja ikaja barua yenye jina la klabu na tarehe, nitamfungia sanduku mimi mwenyewe, na tende za Ibra ndani yake. Na ufunguo wa nyumba nitamwachia.

Niandikieni, hasa nyinyi vijana mlioondoka kwa ajili ya mchezo au masomo: mlipoondoka, mlikuwa na nini mkononi? Mara ijayo, inshallah, mitihani.